Medea ya Rembrandt, 1648: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu chapa moja tu, ndogo kuliko karatasi ya A4. Wengi huitazama kwa dakika moja, wakaona harusi, wakapita. Ukimaliza kusoma, irudie, na safari hii uanzie kona ya chini kulia, palipo giza. Kisa chote kimefichwa pale.

Hii ni chapa gani hasa?

Ni chapa ya tindikali, yaani picha iliyochapwa kwa wino kutoka kwenye bamba la shaba ambalo mistari yake imechimbwa kwa tindikali. Rembrandt van Rijn aliitengeneza Amsterdam mwaka 1648, akaongeza mistari mingine kwa kuikwaruza moja kwa moja kwenye shaba. Huitwa *Medea*, au *Harusi ya Jason na Creusa*. Ina urefu wa takribani sm 24 na upana wa takribani sm 18. Katika orodha ya chapa za Rembrandt iliyotolewa na Adam Bartsch mwaka 1797 ni namba 112, na wataalamu bado wanaitumia namba hiyo. Ukikuta "B. 112" kwenye maelezo ya makumbusho au mnada, ndiyo hii.

Ilitengenezwa kwa ajili ya tanzia, yaani tamthilia yenye mwisho wa huzuni, iliyoandikwa na Jan Six, tajiri wa Amsterdam aliyependa mashairi na picha, ambaye baadaye sana, mwaka 1691, alikuwa meya wa mji huo. Mwaka mmoja kabla ya chapa hii, Rembrandt alikuwa amemchora Six mwenyewe kwenye bamba la shaba, amesimama dirishani anasoma. Tanzia yake, *Medea*, ilichapishwa 1648.

Kisa chenyewe ni kipi?

Ni kisasili cha Wagiriki wa kale. Jason alisafiri na merikebu ya Argo hadi Kolkhis, upande wa mashariki wa Bahari Nyeusi, kutafuta ngozi ya dhahabu ya kondoo dume. Asingeipata bila Medea, binti wa mfalme wa huko, mjuzi wa dawa na uchawi. Medea alimpenda, akamsaidia dhidi ya baba yake mwenyewe, akaiacha nchi yake na kufuatana naye. Wakafika Korintho, wakiwa na watoto wawili wa kiume.

Huko Korintho Jason akataka kumwoa binti wa mfalme Creon. Medea akampelekea bi harusi vazi na taji vilivyotiwa sumu. Alipovivaa viliwaka moto mwilini, na baba yake aliyekimbilia kumwokoa akafa naye. Kisha Medea akawaua wanawe mwenyewe, akaondoka angani kwa gari la babu yake, Jua, lililovutwa na majoka.

Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Kigiriki, aliigiza kisa hiki Athens mwaka 431 kabla ya Kristo, na kwake bi harusi hatajwi jina. Jina la Creusa tunalipata kwa Seneca, Mrumi wa karne ya 1, ambaye Six alimfuata kwa karibu zaidi. Ndiyo maana kwenye vitabu vingine utakuta bi harusi huyohuyo anaitwa Glauce.

Je, Creusa alikuwa mke mwenza wa Medea?

Hapana, na usipolielewa hili utaisoma picha vibaya. Jason haongezi mke, anamwacha wa kwanza. Mfalme Creon anamwamuru Medea aondoke mjini, na kwao hawezi kurudi kwa sababu alimsaliti baba yake kwa ajili ya mwanamume huyu. Hana ndugu wa kumpokea wala mji wa kumficha. Maandishi ya Kiholanzi chini ya chapa yanasema *amesukumwa kando bila kustahili*, na neno "kando" ndilo Rembrandt alilolichora: kamweka mwanamke huyo pembeni kabisa mwa picha, nje ya mwanga.

Mbona sioni mauaji yoyote?

Kwa sababu hayamo. Wachoraji wengi walichagua kisu, watoto, moto au gari la majoka. Rembrandt alichagua saa kadhaa kabla, wakati wa kiapo cha ndoa. Tukio hili halimo hata jukwaani katika tanzia ya Six. Mchoraji kalibuni mwenyewe ili mtazamaji aone chanzo badala ya matokeo.

Angalia jinsi alivyolipanga. Ndani ya jengo refu lenye matao, mwanga unaangukia madhabahu, kuhani, maarusi na umati. Mistari ya sehemu hiyo ni myepesi na imeachana, na karatasi nyeupe inaonekana kati yake. Sasa shusha jicho chini kulia. Mistari inakatizana mara mbili, mara tatu, mpaka nyeupe inakaribia kwisha, na humo ndani anapita mwanamke mwenye vazi refu linaloburuza nyuma yake. Ni mkubwa kuliko maarusi kwa kuwa yuko karibu nasi, lakini jicho linamfikia mwisho. Hakuna hata mmoja kwenye sherehe anayejua kwamba yupo. Sisi tu ndio tunaojua.

Juno, yule wa sanamu pichani, anafanya nini kwenye kisa cha Wagiriki? Na ile habari ya taji lake ni ipi?

Juno ni jina la Kirumi la Hera, mungu wa kike anayelinda ndoa. Ndege wake ni tausi, na ukimwona tausi karibu na sanamu katika picha za karne ya 17 usisite: ni yeye. Hapa sanamu yake inashuhudia Jason akitoa kiapo kipya huku kile cha kwanza amekivunja.

Taji ni mambo ya wakusanyaji. Kwenye nakala za mwanzo Juno hana taji. Kwenye za baadaye analo, kwa sababu Rembrandt alilirudia bamba akaongeza. Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 18, anasimulia kwamba wapenzi wa sanaa walizitaka zote mbili, Juno mwenye taji na Juno asiye na taji, na asiyekuwa nazo hakuhesabiwa kuwa mjuzi wa kweli.

"Awamu" ni nini, na chapa hii ina awamu ngapi?

Kila mchoraji anapobadilisha kitu kwenye bamba, hata mstari mmoja, nakala zinazochapwa baada ya hapo ni za awamu mpya. Si toleo jipya wala si bamba jipya. Ni shaba ileile iliyoguswa tena. Kwa hesabu iliyozoeleka, *Medea* ina awamu tano.

Kwa matumizi ya kawaida, kagua mambo mawili. La kwanza ni kichwa cha Juno: bila taji ni awamu za mwanzo. La pili ni sehemu ya chini ya bamba. Mishororo minne ya shairi huonekana kwenye awamu ya nne. Katika awamu ya tano bamba lilikatwa chini, shairi likaondoka. Hapa watu hukosea sana: nakala isiyo na shairi inaweza kuwa ya mwanzo kabisa au ya mwisho kabisa, na taji husaidia kuamua. Juno ana taji, shairi halipo, na bamba ni fupi kwa chini? Huenda una awamu ya mwisho mkononi. Lakini kwanza hakikisha karatasi yenyewe haikukatwa kwa mkasi. Tafuta alama ya bamba, ule mfinyo ulioachwa na ukingo wa shaba kwenye karatasi. Kama mfinyo upo pande tatu na wa chini haupo, aliyekata ni mtu mwenye mkasi, na hiyo si awamu yoyote.

Shairi linasema nini?

Kwa Kiswahili ni kama hivi: hapa Creusa na Jason wanaahidiana uaminifu, Medea, mke wa Jason, aliyesukumwa kando bila kustahili, anachochewa na uchungu, na kiu ya kisasi inamwongoza, ole, ewe usaliti, gharama yako ni kubwa mno!

Lawama imeangukia usaliti, si uchawi wa Medea. Kumbuka pia kwamba chochote kilichoandikwa kwenye bamba hutoka kinyume kwenye karatasi, kwa hiyo maneno haya yote yaliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuzwa kama kwenye kioo.

Chapa ya tindikali ina tofauti gani na mchongo wa kawaida wa shaba?

Kwenye mchongo, fundi anasukuma patasi nyembamba ya chuma ndani ya shaba kwa nguvu ya kiganja. Mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha kwa ncha kali. Kazi ni ya polepole na huchukua miaka kujifunza.

Kwenye chapa ya tindikali, mchoraji anapaka bamba nta, anachora juu ya nta kwa sindano bila kutumia nguvu, kisha tindikali ndiyo inayochimba. Mkono uko huru kama unavyoandika kwa kalamu. Mistari ya aina hii huwa na unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na miisho yake ni butu. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara kumi utaitambua tofauti hii mara moja.

Ipo na mbinu ya tatu, ncha kavu. Hapa hakuna nta wala tindikali. Sindano ngumu inakwaruza shaba moja kwa moja. Shaba iliyosukumwa inainuka pembeni mwa mfereji, kama udongo unavyoinuka pembeni mwa plau, na ukingo huo unashika wino na kutoa weusi laini kama mahameli. Tatizo ni kwamba roli la mashine ya kuchapia huulaza ukingo huo haraka. Baada ya nakala chache, kwa makumi tu, mahameli imekwisha na unabaki mkwaruzo wa kijivu. *Medea* ina tindikali na ncha kavu pamoja, na ndiyo sababu nakala za mapema za chapa kama hii hutafutwa zaidi kuliko za baadaye.

Rembrandt alitumia nta ya aina gani?

Mwongozo mmoja wa Kiingereza wa mwaka 1660 unatoa mchanganyiko unaouita wa Rembrandt: wakia moja ya nta ya nyuki, nusu wakia ya utomvu wa mastiki, na nusu wakia ya lami ya asili. Yaani sehemu mbili, moja na moja. Nta inaleta ulaini ili sindano iteleze, mastiki inashikamana na shaba, lami inaizuia tindikali na kutia rangi nyeusi. Mwongozo huo unaelekeza nta hiyo ipakwe nyembamba sana, kisha juu yake ipakwe rangi nyeupe. Hapo mchoraji anachora mistari ya shaba inayong'aa juu ya weupe, karibu sawa na kuchora kwa chaki nyekundu kwenye karatasi. Kwa mtu anayehitaji kuhukumu giza na mwanga wakati anachora, msaada huo si mdogo.

Wengine wa zama zake walitumia nta ngumu, vanishi iliyokaushwa kwa moto. Abraham Bosse aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1645 huko Ufaransa, pamoja na tindikali zake: moja ya siki, chumvi, chumvi ya amonia na kutu ya shaba, nyingine ni tindikali kali ya naitriki. Nta ngumu hutoa mstari nadhifu unaofanana na mchongo. Nta laini hutoa mstari unaotetemeka na kupumua, na Rembrandt alikuwa mtu wa nta laini.

Nataka kujaribu mwenyewe. Nahitaji nini na naanzaje?

Anza na bamba dogo, sm 10 kwa sm 8, la shaba nyekundu lenye unene wa mm 1 hivi. Tindikali ya naitriki iache: mvuke wake unaharibu mapafu. Tumia kloridi ya feri, ileile mafundi wa elektroniki wanayotumia kuchimbia saketi. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vyao. Haitoi mvuke mkali, ila inatia madoa ya kahawia yasiyotoka kwenye nguo na saruji, na inakula sinki la chuma. Vaa glavu na miwani. Ukinunua ya mabonge, tia mabonge kwenye maji kidogokidogo, kamwe usimwagie maji juu ya mabonge, kwani mchanganyiko hupata moto sana.

Kwanza, piga tupa kingo zote nne za bamba hadi zilale kwa nyuzi 45. Anayeruka hatua hii huona karatasi yake ikikatwa na blanketi za mashine zikichanika. Kisha ondoa mafuta kwa unga wa chaki na sabuni ya vyombo. Kipimo chake ni rahisi: mwagia maji. Yakitandaa kote kama kioo, bamba ni safi. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la gimbi, mafuta yapo bado, na nta itabanduka mahali hapo.

Pasha bamba moto taratibu mpaka kipande cha nta kikiguswa kinayeyuka, kisha isambaze kwa roli au kwa kifundo cha hariri hadi iwe utando mwembamba wa rangi ya asali nzito. Likiwa bado na joto, ligeuze uso chini na upitishe mwali wa mishumaa chini yake ili masizi yaifanye nta iwe nyeusi. Mwali usisimame. Ukitulia sehemu moja nta inaungua, inapoteza mng'ao, na baadaye inapasuka chini ya sindano kama ganda la yai.

Likipoa, chora. Sindano iwe na ncha ya mviringo kidogo, na iondoe nta tu. Hutakiwi kuikata shaba. Funika mgongo wa bamba kwa vanishi. Liweke kwenye kloridi ya feri uso ukiangalia chini, limeinuliwa kidogo, kwa kuwa mashapo hujaa ndani ya mistari na kuizuia isichimbike. Kwa mistari hafifu dakika 10 zinaweza kutosha. Kwa mizito, 40 hadi 60. Nguvu ya mchanganyiko na joto la chumba hubadilisha muda huu, kwa hiyo fanya jaribio kwenye kipande chakavu kabla hujaweka bamba lako.

Siri ya mwanga na giza iko hapa. Toa bamba baada ya dakika 10, lioshe, likaushe, paka vanishi juu ya mistari unayotaka ibaki hafifu, urudishe. Toa tena, funika zaidi, urudishe. Sehemu ya mwisho kubaki wazi ndiyo itakayokuwa nyeusi kuliko zote.

Kwa nini sehemu yangu nyeusi imetoka kijivu?

Hili ndilo kosa linalowaumiza wengi, na linahusu moja kwa moja kona ya Medea. Watu hudhani ukibana mistari sana na kuiacha kwenye tindikali muda mrefu utapata weusi mzito. Kinachotokea ni kwamba tindikali haichimbi chini tu, inachimba na pembeni. Kuta nyembamba za shaba kati ya mistari zinaanguka, mistari mitano inageuka bonde moja pana lisilo na kina. Ukifuta wino, kitambaa kinaingia bondeni na kuuzoa. Kwenye karatasi unapata doa la kijivu lenye ukingo mweusi.

Tiba ni kuuunda weusi kwa tabaka. Chora seti moja ya mistari, ichimbe. Osha, paka nta upya, chora seti ya pili ikiikatiza ya kwanza kwa pembe nyingine, ichimbe kwa muda mfupi zaidi. Mwisho ongeza ncha kavu pale tu unapotaka shimo la giza. Tazama picha kubwa ya kona ya Medea na utaona kwamba hata palipo peusi kuliko pote kuna vijidirisha vidogo vya karatasi kati ya mistari. Weusi usio na vijidirisha hivyo unakufa. Wenye navyo unatetemeka, na ndani yake macho yanaendelea kutafuta.

Makosa mengine huwa na sababu fupi. Vitone vidogo vyeusi kila mahali: nta ilikuwa nyembamba mno au palikuwa na vumbi. Mistari imekatikakatika: sindano haikufika kwenye shaba, au kidole chenye mafuta kiligusa mstari. Picha nzima hafifu: karatasi ilikuwa kavu, au mashine haikukazwa.

Na kuchapa kwenyewe?

Wino ni masizi meusi yaliyosagwa na mafuta ya kitani yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Pasha bamba kidogo, sukumiza wino ndani ya mistari, kisha futa uso kwa kitambaa cha wavu kilichotiwa wanga, kwa mizunguko mipana. Malizia kwa kiganja kilichopakwa chaki kidogo. Loweka karatasi nzito ya pamba kwa nusu saa, ibane kati ya taulo mpaka isiwe na mng'ao wa maji, iweke juu ya bamba, funika kwa blanketi mbili au tatu za sufu, pitisha kati ya maroli mawili yaliyokazwa.

Rembrandt mara nyingi hakufuta kila kitu. Aliacha utando mwembamba wa wino juu ya shaba mahali alipotaka jioni au moshi. Ndiyo maana nakala mbili za awamu moja zinaweza kutofautiana kama mchana na magharibi.

Karatasi nayo ilimshughulisha. Kuanzia kama 1647 alichapa nakala nyingine kwenye karatasi ya Japani, iliyoletwa Amsterdam na meli za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki. Ina rangi ya maziwa yaliyokolea, ni laini, haihitaji mgandamizo mkubwa, na inapokea mahameli ya ncha kavu bila kuiponda.

Nimepata nakala kwenye duka la vitu vya kale. Nitajuaje ni ya zamani?

Usianze na saini. Saini iko kwenye bamba, kwa hiyo hata nakala ya jana inayo.

Anza na lenzi. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa mstari kama kwenye gazeti, ni picha ya mashine ya kisasa. Kisha inyanyue karatasi dhidi ya mwanga. Karatasi ya wakati wa Rembrandt kutoka Ulaya inaonyesha mistari ya waya ya ungo iliyotengenezewa, mingi myembamba upande mmoja na michache iliyoachana kama sm 2.5 upande mwingine, na mara nyingi alama ya maji. Karatasi iliyo laini kote bila mistari hiyo ilianza Uingereza katika miaka ya 1750, karibu karne moja baada ya Rembrandt kufariki mwaka 1669. Ila karatasi ya Japani ina sura yake, usiichanganye na hiyo.

Pitisha kidole taratibu: mistari ya wino inapaswa kuinuka kidogo, na mfinyo wa bamba uwepo. Lakini hata hivyo usishangilie bado. Karne ya 19 Amand-Durand wa Paris alitengeneza nakala za chapa za Rembrandt kwa kutumia fotografia na mabamba ya shaba, na zina mfinyo na wino ulioinuka kama kawaida. Geuza karatasi, nyingi zina mhuri mdogo mwekundu wenye herufi A na D nyuma. Mwisho, pima kwa rula na linganisha mstari kwa mstari na picha ya makumbusho. Mahali pazuri pa kulinganisha ni uso wa Juno na kivuli cha Medea, kwa kuwa mnakili huchoka hapo.

Ninaishi pwani. Nitaitunzaje karatasi ya namna hii?

Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, adui wa kwanza ni unyevu. Ukipita asilimia 65 kuvu huamka na karatasi inapata madoa ya kahawia. Lenga asilimia 45 hadi 55, na muhimu zaidi, usiruhusu kupanda na kushuka kila siku: kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kinaitesa karatasi kuliko joto tulivu. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa masika. Kioo cha fremu kisiguse karatasi. Weka kadibodi isiyo na asidi kati yake. Ishikize kwa vipande vidogo vya karatasi ya Japani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu. Selotepu usiikaribishe kabisa, maana gundi yake hupenya na kubaki milele. Mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza), na jua la dirishani lisiifikie.

Naweza kuiona wapi?

Rijksmuseum la Amsterdam hutoa picha kubwa za mkusanyiko wake bure mtandaoni, bila vizuizi vya haki miliki kwa kazi za zamani kama hii. Tafuta "Rembrandt Medea 1648". Pakua faili kubwa kabisa, si ile ndogo ya kwanza, kwa sababu Medea hupotea kwenye picha ndogo. British Museum la London nalo lina chapa za Rembrandt, na chumba chake cha kusomea chapa kinapokea wageni kwa miadi. Na nyumba aliyoinunua Rembrandt mwaka 1639 huko Amsterdam sasa ni makumbusho yanayohifadhi karibu chapa zake zote, na huonyesha wageni jinsi bamba linavyochimbwa na kuchapwa.

Chapa hazikai ukutani mwaka mzima kwa sababu ya mwanga. Ukisafiri, andika barua pepe wiki kadhaa kabla, utaje namba B. 112, na uulize wana awamu ipi. Kama wana mbili, omba zote zitolewe pamoja, uweke Juno asiye na taji kando ya yule mwenye nalo.